Ahmad bin Majid, Rubani Aliyesingiziwa

Kalokol ni mji mdogo wa wavuvi kando ya Ziwa Turkana, kilomita 60 hivi kutoka Lodwar. Mtu wa pwani afikapo huku hasumbuliwi sana na joto, maana joto tumelizoea kwetu, wala hashangazwi na nyavu na vyombo vilivyopandishwa mchangani. Kinachomtaka afikiri ni kibla. Sisi wa Mombasa na Malindi tumekua tukielekea kaskazini tunaposali, na ndiyo sababu wazee wetu waliuita upande wa kaskazini kibla. Makka iko juu yetu karibu sawasawa. Lakini Kalokol iko magharibi zaidi kuliko pwani, na mwenye kusali huku hana budi ageuke kidogo upande wa mkono wa kulia.

Ageuke kiasi gani? Nilipopiga hesabu niliona ni digrii 12 hivi. Hapo ndipo nilipomkumbuka mtu mmoja aliyefariki miaka 500 iliyopita. Mabaharia wa zama zake waliligawa duara la dira mafungu 32, kila fungu digrii 11 na robo, na kila fungu wakalipa jina la nyota inayochomoza au kuzama hapo. Kwa hesabu yao, kibla ya Mombasa ni Jaa yenyewe, nyota ya kaskazini. Kibla ya Kalokol iko fungu moja tu kutoka Jaa kwenda mashariki, mahali zinapochomoza nyota mbili ziitwazo Farqadani.

Mtu huyo ni Shihabuddin Ahmad bin Majid, Mwenyezi Mungu amrehemu. Miongoni mwa mashairi yake imo urjuza aliyoitunga mwaka 893 wa Hijra, yaani 1488, ya kuwafundisha Waislamu jinsi ya kuitambua kibla popote walipo. Nimeazimia kumweleza msomaji habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake karibu yote aliyaishi chomboni, naye akaacha maandishi ya maisha hayo kuliko baharia yeyote wa zama zake katika bahari yetu. Pili, jina lake limetiwa doa kubwa, na doa hilo watoto wetu wamekuwa wakifundishwa shuleni kana kwamba ni jambo lisilo na shaka.

MTOTO WA MARUBANI

Ahmad bin Majid alizaliwa kadiri ya mwaka 1432 huko Julfar, bandari ya Ghuba, mahali panapoitwa leo Ras al-Khaimah. Ubaharia kwake ulikuwa urithi. Babu yake alikuwa rubani, na baba yake, Majid bin Muhammad, alipata lakabu ya rubani wa pwani mbili, kwa kuwa alizijua pwani zote mbili za Bahari ya Sham, ile ya Bara Arabu na ile ya pili yake. Mzee huyo alitunga shairi refu liitwalo al-Hijaziyya, lenye baiti zaidi ya 1,000, la kueleza miamba na njia za bahari hiyo ambayo hata leo manahodha huiogopa. Mwana alipokua aliyapima maneno ya baba yake kwa safari zake mwenyewe, akayathibitisha yaliyokuwa sawa na kuyasahihisha yaliyohitaji kusahihishwa. Tabia hiyo ya kutokubali neno mpaka alipime ndiyo iliyomjenga.

Kabla yake walikuwapo marubani watatu waliosifika mno, Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Laith bin Kahlan, waliojulikana kwa jina la simba wa bahari. Ibn Majid aliwaheshimu, lakini alisema wazi kwamba wao walikusanya habari za wengine zaidi kuliko walivyosafiri wenyewe. Yeye alijiita simba wa nne. Msomaji atasema hayo ni majivuno. Pengine ni kweli, kwani mwenyewe hakuwa mtu wa kujidogosha. Lakini alikuwa amepitisha miaka mingi juu ya maji, na alichokiandika alikuwa amekiona.

KUISHI CHOMBONI

Katika Bahari ya Rumi, kwenye visiwa vya Ugiriki, baharia hutoka kisiwa kimoja akikiona cha pili mbele yake, na jioni akitaka hutia nanga. Bahari ya Hindi haitoi nafasi hiyo. Anayetoka Hormuz au Aden kuja kwetu, au anayetoka kwetu kwenda Bara Hindi, hukaa siku nyingi bila kuona ardhi, na chombo ndicho nyumba yake, ndicho jiko lake, ndicho msikiti wake. Vyombo vya zama hizo vingi vilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kama mitepe ya Lamu waliyoiona babu zetu. Maji ya kunywa yalipimwa. Abiria walilala juu ya shehena. Rubani alikaa tezi, usiku kucha macho juu, maana nyota ndizo zilizokuwa alama zake za njiani.

Katika kitabu chake kikubwa, Kitab al-Fawa'id, alichokikamilisha mwaka 895 wa Hijra (1490), Ibn Majid aliieleza nyumba hiyo ya mbao na adabu zake. Alitaka rubani akikague chombo kingali nchi kavu, ajue kila kasoro yake kabla hakijaingia majini. Alitaka awajue abiria wake, asikie wanalosema, awe mpole lakini asikose kuamrisha inapobidi. Alitaka msafiri wa bahari adumu katika tohara, kwa kuwa aliye baharini ni mgeni wa Mola wake na hafai kughafilika kumtaja. Namwomba msomaji alishike neno hilo la tohara, kwani tutalihitaji mbele.

Kitabu hicho kina faida kumi na mbili, yaani milango kumi na miwili ya elimu. Humo mna habari za asili ya ubaharia, za dira, za vituo vya mwezi, za nyota, za njia na za misimu. Mlango mmoja unaeleza visiwa kumi vikubwa vilivyojulikana na mabaharia, na ndani yake zimo Socotra, Bahrain, Ceylon, Bukini na Unguja. Misimu aliihesabu kwa siku za Nairuzi, hesabu ile ile ambayo wakulima na mabaharia wa pwani yetu waliitumia kwa miongo, kila mwongo siku kumi kutoka siku ya Mwaka. Hata maneno yetu ya jaa kwa kaskazini, suheli kwa kusini na matlai kwa mashariki yametoka katika dira hiyo hiyo. Mswahili akimsoma Ibn Majid hajihisi mgeni.

ELIMU YA VIDOLE NA NYOTA

Chombo chake cha kupimia kilikuwa kibao kidogo chenye uzi wa mafundo. Baharia huuma uzi kwa meno, akakinyoosha kibao mbele ya jicho, ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na wa juu ukagusa nyota. Kimo cha nyota kilihesabiwa kwa vidole, na kidole kimoja ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Kila bandari ilikuwa na vidole vyake. Nahodha akitaka kwenda bandari fulani alipanda au kushuka mpaka nyota ikae kwenye kimo cha bandari hiyo, kisha akageuza omo mashariki au magharibi na kuifuata mpaka aione nchi. Akikaribia alitazama alama nyingine, rangi ya maji, ndege, tope lililonaswa na bildi, na karibu na pwani ya Bara Hindi hata nyoka wa baharini.

Huku Kalokol, Jaa iko juu ya upeo kwa vidole viwili hivi, chini kabisa ya mbingu. Malindi haipatikani tena, na ndiyo maana Ibn Majid alifundisha kwamba ashukaye pwani ya Waswahili aiache Jaa ashike nyota za Farqadani na Na'shi, zinazokuwa juu zaidi.

Na hapa Kalokol pana kumbukumbu nyingine ya nyota. Kando ya barabara itokayo Lodwar zimesimama nguzo 19 za mawe meusi, mahali Waturkana wanapopaita Namoratunga. Hadithi ya wenyeji husema walikuwa watu waliogeuzwa mawe wakicheza ngoma. Mwaka 1978 wataalamu wawili waliandika kwamba nguzo hizo zimepangwa kuelekea nyota saba zinazotumiwa na Waborana katika kalenda yao, mojawapo ikiwa Kilimia, ambacho Waarabu hukiita Thurea. Wengine wamelipinga dai hilo, na uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba nguzo za namna hii kando ya ziwa zilisimamishwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Ikiwa zilielekezwa kwa nyota au hazikuelekezwa, Kilimia wanakitazama wakulima wetu wa pwani kujua mvua, wanakitazama Waborana kuhesabu mwaka, na Ibn Majid alikifanya fungu moja la dira yake. Elimu ya nyota haikuwa siri ya mtu mmoja. Neno hili nalo tutalihitaji.

Mashairi ya Ibn Majid yanayojulikana ni kama 40. Alitunga kwa mizani ya urjuza kwa sababu ile ile iliyowafanya wazee wetu kutunga tenzi, kwamba maneno yenye vina hukaa kichwani. Baharia hawezi kufunua karatasi usiku, mawimbi yakipiga na tanga limelowa, lakini anaweza kukumbuka ubeti. Shairi lake liitwalo al-Sufaliyya linaeleza njia ya pwani yetu yote mpaka Sofala, pamoja na Malindi, Mombasa na Kilwa, na vimo vya nyota na mafungu yake. Nuskha yake ilihifadhiwa Leningrad, na mwaka 1957 mwanachuoni Theodor Shumovsky, aliyepata kufungwa miaka mingi katika kambi za Stalin, ndiye aliyelichapisha pamoja na mengine mawili.

SHITAKA

Sasa tufike kwenye doa. Mwezi wa Aprili 1498 Mreno Vasco da Gama alifika Malindi. Tarehe 24 Aprili aliondoka akiwa na rubani wa kumvusha, na baada ya siku 23 hivi akaiona nchi ya Bara Hindi. Yaliyofuata tunayajua. Mwaka 1505 Kilwa ilitekwa na Mombasa ikachomwa moto, na Wareno wakaushika mlango wa biashara yetu kwa muda mrefu. Basi vitabu vingi vya shule vimeandika kwamba rubani aliyemwonyesha da Gama njia ni Ahmad bin Majid. Vingine vimeongeza kwamba alifanya hivyo akiwa amelewa.

Shitaka kama hili haifai kulipokea kwa sababu limerudiwa mara nyingi. Inafaa kuuliza nani alisema, alisema lini, naye alijuaje. Wanachuoni wetu wa hadithi walitufundisha njia hiyo zamani.

Aliyesema ni Qutbuddin al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, katika historia yake ya kutekwa kwa Yemen na Waturuki, iliyoandikwa miaka ya 1570. Alikuwa mtu mwenye elimu kubwa, lakini alizaliwa mwaka 1511, miaka 13 baada ya tukio lenyewe. Hakuwa baharia, wala hakumtaja shahidi aliyekuwapo. Yeye ndiye aliyemtaja Ibn Majid kwa jina, na yeye ndiye aliyeleta habari ya ulevi. Katika miaka ya 1920 Mfaransa Gabriel Ferrand, aliyefanya kazi kubwa ya kuvitoa vitabu vya Ibn Majid gizani, aliyaunganisha maneno ya al-Nahrawali na habari za Wareno, na kutoka hapo shitaka likaenea duniani.

Wareno wenyewe wasemaje? Mmoja wa watu wa da Gama aliandika habari za safari siku kwa siku. Katika maandishi yake rubani ni Mkristo aliyeletwa na mfalme wa Malindi, na ijulikane kwamba Wareno wakati huo waliwadhania Wahindu kuwa ni Wakristo. Waandishi wa baadaye, Castanheda na Barros, walimwita Mgujarati, na Barros akamfanya Mwislamu wa Gujarat. Jina walilompa ni Malemo Cana au Canaqua. Neno la kwanza ni maalim, yaani mwalimu wa chombo. La pili ni neno la Kihindi la mnajimu. Hilo ni cheo cha kazi, na kila rubani wa Gujarat aliyejua nyota angeweza kuitwa hivyo. Ibn Majid alikuwa Mwarabu wa Julfar, na hakuna Mreno hata mmoja kati ya hao aliyemtaja.

Zaidi ya hayo, Wareno walipofika Malindi walikuta bandarini vyombo vinne vya Wahindi. Marubani wa njia hiyo walikuwapo tele. Wala rubani huyo hakupatikana kwa ulevi wa mtu, bali kwa mabavu. Tarehe 22 Aprili da Gama alimzuia chomboni mtu wa karibu wa mfalme mpaka aletewe rubani aliyeahidiwa. Naye mfalme alikuwa na sababu zake, maana Malindi na Mombasa zilikuwa na uhasama wa siku nyingi na alitafuta rafiki wa kumsaidia. Kama yupo wa kulaumiwa upande wetu, ni ugomvi huo wa bandari na bandari, ambao Wareno waliutumia kwa faida yao kila mahali.

Tena njia yenyewe haikuwa siri iliyofichwa na mtu mmoja. Kila mwaka kusi likianza, vyombo vilivuka kutoka kwetu kwenda Gujarat na Malabar, kama vilivyovuka tangu karne nyingi nyuma. Da Gama aliporudi, mwezi wa Oktoba, bila kungoja kaskazi, alitumia karibu miezi mitatu juu ya maji. Watu 30 walimfia kwa ugonjwa wa ufizi, na alipofika pwani yetu Januari 1499 hakuwa na mabaharia wa kutosha, ikabidi chombo kimoja kichomwe moto. Msimu ambao kila mwanamaji wa Malindi aliujua ndio uliompeleka kwa siku 23, na msimu huo huo alipoudharau ulimwadhibu.

Nimeutazama pia ushahidi wa tabia. Wakati huo Ibn Majid alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60, haji aliyezuru Haramu mbili, aliyewataka mabaharia wadumu katika tohara. Katika al-Sufaliyya zimo baiti zinazowataja Wafaranji kwa uchungu, na ingawa wako wataalamu wanaosema baiti hizo ziliongezwa na mkono mwingine, hamna ndani yake neno la mtu aliyewaongoza. Mwaka 1554 jemadari wa bahari wa Waturuki, Sidi Ali Reis, aliyepigana na Wareno na kupoteza merikebu zake, aliandika huko Ahmadabad kitabu cha ubaharia akitegemea kazi za Ibn Majid. Alimsifu kuwa mkweli na mwaminifu kuliko marubani wengine. Huyu alikuwa na kila sababu ya kumlaumu, naye aliishi karibu zaidi na tukio kuliko al-Nahrawali alipoandika.

Katika miaka yetu wanachuoni wamezidi kuliacha shitaka hilo. Mwingereza G. R. Tibbetts, aliyekifasiri Kitab al-Fawa'id mwaka 1971, hakuliamini. Mtawala wa Sharjah, Sheikh Sultan bin Muhammad Al Qasimi, alitoa kitabu mwaka 2000 cha kumtakasa. Lakini maneno ya uongo yana miguu mirefu, na bado mgeni akifika Malindi kwenye nguzo ya Vasco da Gama huweza kusimuliwa habari za Ibn Majid.

Ibn Majid alifariki muda mfupi baada ya mwaka 1500, ambao ndio mwaka wa mwisho unaoonekana katika mashairi yake. Mabaharia waliomfuata hawakumsahau. Mwaka 1854, zaidi ya miaka 350 baadaye, Mwingereza Richard Burton alipanda chombo Aden kwenda Zeila, akawaona mabaharia wakisoma Fatiha kabla ya kutweka tanga, wakimrehemu Sheikh Majid waliyemhesabu kuwa mvumbuzi wa dira. Mabaharia hao walikuwa watoto wa bahari ile ile iliyovunjwa na Wareno. Bandari zilizochomwa zilikuwa za babu zao na jamaa zao. Kama wangelijua kwamba mtu huyu ndiye aliyemleta adui, wangelimlaani, na wao walimsomea Fatiha.

Rai yangu ni kwamba vitabu vya watoto wetu visahihishwe. Viandike kwamba da Gama alivushwa na rubani wa Gujarat aliyetolewa na mfalme wa Malindi, na katika ukurasa mwingine viandike habari za Ahmad bin Majid kwa kazi aliyoifanya mwenyewe, dira, misimu, vimo vya bandari zetu na njia ya kuitafuta kibla. Walimu wa madrasa nao wanaweza kuanza bila kungoja kitabu, kwa kuwaonyesha wanafunzi Kilimia na Suheli usiku usio na mawingu. Na wewe msomaji, ukisikia tena kwamba Ibn Majid aliiuza bahari yetu kwa kikombe cha mvinyo, muulize msemaji aliyasikia wapi, kisha umsimulie haya. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema. Amin.